Unga Usoni mwa Mama

Runyenjes,
20 Januari 2025

Kagure,

Nakuandikia kwa sababu kwa simu hatusikizani. Miaka kumi na saba ya mashine ya kusaga imenila masikio, wewe unajua, na Jumapili ile nilipaza sauti mpaka majirani wakadhani nimevamiwa, kumbe namuuliza mtoto wangu anasoma nini. Basi iwe barua. Barua haikati laini. Itakuja na kifurushi, na jibu lako Naftaly wa ofisi ya vifurushi ataniletea.

Humu ndani kuna unga wa ugali, maharagwe ya njahi na ndizi za kupika. Ndizi zile zilizopondeka ule kwanza.

Sasa maneno yenyewe. Krismasi nilikuona kila siku umekaa juu ya magunia na daftari magotini. Nikasema asante Mungu, huyu anasoma uchumi. Nikawa nawafukuza wateja waliotaka kukusalimia, wasikukatize. Halafu juzi Beverlyne, binti wa jirani, ananionyesha simu yake: wewe hapo, umevaa aproni iliyojaa rangi kama mtu aliyepigana na ukuta, na chini imeandikwa studio ya sanaa.

Nilipokupeleka chuoni huko Meru nilielezwa kwamba miaka miwili ya kwanza mnasoma kila kitu. Historia, fasihi, mantiki, mimea, uchumi. Masomo mapana, wakaita. Nikavumilia. Lakini mtu anayesaga mahindi, mtama, wimbi na muhogo bila kubadilisha chekeche hupata unga usio na jina wala mteja. Nimengoja miaka miwili niambiwe unga wako unaitwaje. Sasa naambiwa unaitwa kuchora.

Mimi niliacha shule darasa la saba. Nilianza kwa kubeba mahindi ya watu mgongoni kuyapeleka kinu cha mtu mwingine. Kisha nikawa mfagiaji wa kinu hicho. Kisha mpimaji. Kisha kinu changu, mota yangu, mizani yangu. Hakuna aliyenishika mkono, wala baba yako, ambaye katika hesabu alijua kutoa peke yake, na alianza kwa kujitoa mwenyewe. Nilikupa jina la mama yangu ili jina hilo likalie kiti siku moja, si magunia.

Mwezi wa tatu mnachagua somo moja la kushikilia. Utachagua uchumi. Ukishindwa na uchumi, ualimu. Nimemaliza.

Mama yako,
Eunice Ruguru


Meru,
2 Februari 2025

Mama mpendwa,

Unga umefika, nao wenzangu wa chumbani wanasema ugali wake unalika bila mboga. Nimewaambia wasiliseme neno hilo mbele yako, utatupunguzia njahi.

Uliwafukuza wateja kwa ajili yangu, nami nikanyamaza nikijua unafikiri nasoma uchumi. Kwa hilo nisamehe. Sikuwa nasoma. Nilikuwa nachora.

Lakini mfano wako wa chekeche naurudisha kwako. Ni unga gani unaoisha kwanza pale kinuni? Si wa mahindi. Ni ule wa uji, wenye wimbi, mtama, soya na muhogo, ambao akina mama wa kliniki wanaufuata kutoka mbali kama Karurumo. Na ni wewe uliyenifundisha: kila nafaka husagwa peke yake, kwa chekeche lake, ndipo huchanganywa kwa kipimo. Ndivyo tunavyosoma hapa. Historia nimeisaga peke yake, mantiki peke yake, na uchumi wako pia, nao sikuufeli. Studio ndiko ninakochanganyia.

Na studio si mahali pa kuchezea rangi. Tunasimama mbele ya kitu kimoja, kiti au chungu au mtu, kuanzia asubuhi mpaka miguu inawaka. Mwalimu Karimi hatuulizi tumechora nini. Anatuuliza tumeona nini. Juma la kwanza nilichora kiti nikapata nne kwa kumi. Akaniambia, "Hiki ni kiti unachokijua wewe. Kile kilichoko pale mbele kina mguu mmoja mfupi." Nikaenda kukiangalia. Kweli kilikuwa na mguu mfupi, na mimi nilikuwa nimekikalia mwezi mzima.

Tarehe kumi na nne Machi walimu watano wataketi. Kila anayetaka kushika sanaa analeta kazi moja kubwa juu ya mtu kazini. Tuko thelathini na mmoja, watachukua kumi na wawili. Yangu niliianza Krismasi. Sitasema zaidi.

Nipe mpaka siku hiyo, Mama. Wakinikataa, nitajiandikisha uchumi jioni hiyo hiyo, na hutasikia tena neno kuchora kinywani mwangu. Wakinikubali, usinikatalie wewe.

Binti yako,
Kagure


Runyenjes,
9 Februari 2025

Kagure,

Kumi na wawili kwa thelathini na mmoja ni chini ya wanne kwa kumi. Nimekubali, kwa maana hesabu iko upande wangu.

Na huyo mtu kazini ni nani? Kama ni mwanamume, nataka jina, na kwao ni wapi.

Umeniruka kijanja na huo uji wako. Nimeona. Usifikiri sikuona.

Mama yako,
Eunice Ruguru


Meru,
24 Februari 2025

Mama,

Ukisoma barua hii utakuwa umekwisha kulifungua shuka nililofungia picha, kwa hiyo unajua ni nani. Ni wewe.

Nilikuchora siku zile zote nikiwa juu ya magunia, vipande vipande kwenye daftari. Kisha hapa studio nikaviunganisha kwenye karatasi kubwa, kwa mkaa, na chaki nyeupe palipokuwa na unga. Fremu nimeipigilia mwenyewe. Kioo sikuweka.

Naituma kwako kwa sababu ya kanuni ya Mwalimu Karimi. Anasema uso ni mali ya mwenyewe, na aliyechorwa lazima aione picha kabla ya mgeni yeyote, kisha aseme kwa mkono wake kama anakubali. Bila neno lako siruhusiwi kuitundika mbele ya wale watano. Kwa hiyo nahitaji vitu viwili kabla ya tarehe kumi na nne: picha irudi, na karatasi yenye ndiyo yako.

Ndiyo, najua nimekukabidhi kisu kwa mpini. Ungeweza kukaa kimya tu, na mimi niwe mwanauchumi.

Nakuomba usiiguse usoni. Dawa ya kushikisha mkaa ilikuwa imeisha studio, kwa hiyo chochote kitakachopita juu yake kitaondoka nacho.

Kagure


Runyenjes,
26 Februari 2025

Kwa binti yetu Kagure,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ni Naftaly Njura, karani wa vifurushi hapa stendi, na vilevile katibu wa kamati ya mazishi ya kanisa letu, mwaka wa tisa sasa. Naandika kukueleza yaliyotokea jana kabla hujaelezwa na mama yako, kwa kuwa yeye ataeleza kwa hasira.

Kifurushi chako kilifika asubuhi kikiwa kimelaliwa na gunia la parachichi. Nailoni ilikuwa imepasuka. Nikaona fremu. Nikaona shuka jeupe, limeteleza. Nikaona mama yako, mkubwa kuliko alivyo, uso mweupe, nywele nyeupe, hatazami mtu. Na juu umeandika "Nyumbani kwa Eunice Ruguru, ibebwe wima, kwa heshima."

Binti yangu, katika miaka yangu yote hapa, fremu za ukubwa ule zilizopita mikononi mwangu zilikuwa za watu waliotangulia. Hapa kwetu mtu aliye hai hawekwi kwenye fremu, labda awe ameoa siku hiyo. Hata hivyo sikuharakisha. Nilimtuma mtu kinuni akakuta kimefungwa, jambo ambalo halijapata kuonekana siku ya kazi. Nikapiga simu ya mama yako, imezimwa. Nikapiga yako, haikushikwa. Mambo yakapatana.

Kufikia adhuhuri tulikuwa na mwenyekiti, hema na viti. Picha tukaiweka juu ya meza uani kwenu, na akina mama wakawasha moto.

Kumbe mama yako alikuwa Embu kununua mkanda wa mashine, na simu yake imeisha chaji. Alirudi alasiri, akasimama nyuma ya ua wa miiba ya kayaba kwa muda ambao hakuna anayeujua. Mimi nilikuwa nasoma rasimu ya wasifu wake. Nilipofika mahali pa kusema, "Marehemu alikuwa mpole na mnyenyekevu," sauti ikatoka kwenye ua:

"Huyo ni nani?"

Mzee Gichovi alianguka pamoja na kiti. Mama Makandi alipiga magoti akatubu mbele ya watu wote juu ya gorogoro ya kupimia unga ya mama yako aliyokaa nayo tangu mwaka juzi. Mimi mwenyewe nilisema jambo ambalo si la katibu.

Hakuna aliyeumia. Jogoo, hata hivyo, alikuwa amekwisha kuchinjwa. Kwa hilo kamati inaomba radhi.

Wako katika huduma,
Naftaly Njura

N.B. Simu yako ukiona imepigwa, ishike.


Runyenjes,
28 Februari 2025

Kagure,

Nimekufa na nimefufuka, na yote mawili yamenigharimu jogoo mmoja.

Nilisimama nyuma ya ule ua nikasikia kila kitu, kwa sababu wote walikuwa wanapiga kelele kama kawaida ya matanga. Walisema mizani yangu haijawahi kudanganya. Walisema unga wangu hauna mchanga. Walisema nafungua kabla ya kengele ya shule, na ya kwamba mkanda ukikatika naufunga mwenyewe. Nilisikia kinu kikisifiwa mwanzo hadi mwisho, nikangoja wafike kwangu. Hawakufika. Aliyejaribu ni Naftaly, naye akamsifu mwanamke mwingine kabisa.

Hilo ni lao. Lako ni hili.

Nyuma ya mlango wa kinu kuna karai. Umelijaza maji tangu ukiwa na miaka sita. Hukuwahi kujiuliza ni la nini? Nilipokuwa mfagiaji wa kinu cha watu, nikitoka jioni sokoni waliniita Panya wa Unga. Wanaume wazima, na watoto nyuma yao. Siku niliyofungua kinu changu nilisema hakuna mtu wa Runyenjes atakayeuona tena unga usoni mwangu. Mteja hunipa gunia dirishani, na dirishani namrudishia, nikiwa nimejifunga leso mpaka machoni. Jioni nikishakutanguliza nyumbani na kufunga mlango, nanawa. Uso, nyusi, shingo, mikono mpaka viwiko. Ndipo natoka nje nikiwa Eunice Ruguru.

Wewe peke yako ulikuwa ndani. Nilikuruhusu kukaa juu ya magunia kwa sababu wewe ni wangu. Sikujua nimemruhusu mtu mwenye macho.

Na sasa wameniona wote. Hema zima. Mwenyekiti aliinama kabisa kutazama nyusi zangu.

Wala usifikiri siijui thamani ya picha. Tulipomzika mama yangu, huyo unayeitwa jina lake, picha pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ya kitambulisho. Waliikuza mpaka akabaki madoa. Nilitembea kutoka kanisani hadi kaburini nyuma ya madoa.

Ruhusa sikupi. Zimebaki siku kumi na nne. Chora mtu mwingine. Mchore Naftaly, yeye anapenda shughuli.

Mama yako, mzima,
Eunice Ruguru


Meru,
4 Machi 2025

Mama,

Pole kwa jogoo. Pole kwa hema, na kwa mwenyekiti, na kwa nyusi.

Umesema kweli na sitajitetea. Niliingia kinuni kama mtoto wako nikatoka kama mgeni na kitu kwapani. Nilipaswa kuuliza kwanza. Sikuuliza kwa sababu nilijua ungesema hapana, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kuuliza.

Kuhusu karai nilidhani ni la kunywesha kuku. Naona aibu kuandika hivyo.

Lakini mtu mwingine sitamchora. Si ubishi. Siku kumi zinatosha kumchora mtu, hazitoshi kumwona. Na wewe nimekuona. Unajua nilichokiona? Mkono mmoja uko kwenye mdomo wa mashine, mwingine kwenye gunia, na macho hayako kwenye chochote. Masikio yameisha, umesema mwenyewe, na bado nyundo moja ya mashine ikilegea unajua kabla ya yeyote. Unaisikiliza kwa uso, Mama. Uso wako wote unakuwa sikio. Na kwa kuwa husogei wakati huo, unga unapata pa kutua. Sikuchora uchafu. Bila ule unga nisingejua umetulia kiasi gani.

Walimu wanaweza kunikataa, hilo nimelikubali tangu mwanzo. Hata wewe unaweza. Ila siwezi kukunawisha kwenye karatasi ili nipite. Itakuwa ni kile kiti cha nne kwa kumi, chenye miguu yote sawa.

Ukisema hapana mpaka mwisho, nitamwambia Mwalimu Karimi hivyo, na jioni ya tarehe kumi na nne nitajiandikisha uchumi kama nilivyoahidi. Nitausoma kwa bidii na sitakununia. Nakuomba tu usiifanye picha kifuniko cha magunia. Ihifadhi. Nitakuja kuichukua nikiwa na kazi.

Kagure


Runyenjes,
11 Machi 2025

Kagure,

Picha inakuja leo. Ruhusa: ndiyo.

Lakini nimekurekebishia.

Eunice Ruguru


(Nyuma ya risiti ya kifurushi, tarehe hiyo hiyo)

Binti Kagure,

Mimi Naftaly tena. Safari hii naandika niliyoyaona kwa macho, sina la kukisia.

Mama yako alifika ofisini asubuhi na picha kichwani, akasema niifunge vizuri. Nilikuwa natafuta kamba aliponiambia, "Ngoja." Akaomba karai la maji. Akaloweka kitambaa, akakikamua, akaanza kuifuta picha usoni. Nikasema, "Mama Kagure, hiyo si meza." Akasema nifunge kamba zangu.

Alianza upande wa kulia. Alifuta kama mtu anayejinawisha, taratibu, nyusi, shavu, mpaka shingoni. Weupe ukatoka, na weusi nao ukasogea kidogo. Alipofika katikati ya pua akaacha. Mkono ukabaki hewani unadondosha maji. Dereva akapiga honi, akapiga tena, yeye amesimama tu anaangalia ule upande ambao hajaufikia. Kisha akaita jina lako. "Kagure." Polepole, mara moja. Nadhani alikuwa anakuombea.

Akakamua kitambaa, akaandika barua yake juu ya meza yangu, akasema, "Funga hivyo hivyo."

Nimeifunga kwa mbao pande zote. Parachichi haziwezi tena.

N.N.


Meru,
15 Machi 2025

Mama,

Nakuandikia ya jana kwa utaratibu, usiruke kwenda mwisho.

Jumatano nilifungua mbao za Naftaly mbele ya darasa zima. Nusu yangu ilikuwa imekwenda. Miezi miwili ya kazi, Mama. Nywele upande wa kulia, shavu, nyusi nilizozifuta na kuzirudia mpaka karatasi ikataka kutoboka. Mutwiri, kijana tunayekaa naye meza moja, alisema, "Pole, hiyo imeharibika, omba wakuongezee wiki." Nilikwenda kukaa nyuma ya tangi la maji na nikalia, na sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira. Nilikuwa nimeshika mkaa. Nilikuwa naenda kuichora upya nisiache hata alama ya kile kitambaa.

Nikarudi, nikasimama mbele yake kama tunavyofundishwa. Na nikajilazimisha kujibu lile swali moja: umeona nini?

Niliona vidole vyako. Pale shavuni kitambaa kimepita kwa mfuo, na kwenye mfuo kuna vidole vinne, wazi kabisa, kutoka juu kwenda chini. Sikuwahi kukuona ukinawa, Mama. Siku zote ulifunga mlango. Sasa nilikuwa naona. Upande mmoja uko kazini, upande mwingine unajiandaa kutoka nje. Mimi nisingeweza kuuchora ule upande wa pili, kwa sababu hukuwahi kunionyesha.

Nikauweka mkaa chini. Nilifanya jambo moja tu: niliazima dawa ya kushikisha, nikainyunyizia yote, na yangu na yako.

Kwenye kibao cha chini niliandika: "Mama kabla ya kutoka nje. Mkaa, chaki na kitambaa cha maji. Imechorwa na Kagure, imefutwa na Eunice Ruguru."

Wale watano walikaa mbele yake muda mrefu kuliko kwa wengine. Mmoja alisema hii ni ajali, si kazi. Mwalimu Karimi hakusema kitu, kwa sababu anayefundisha haruhusiwi kusema. Mwingine, mama mzee kidogo, akaniuliza, "Kwa nini aliishia katikati?" Nikamwambia kweli, kwamba sijui. Akaandika jambo.

Nimekuwa wa kumi na moja. Kati ya kumi na wawili, ndiyo, najua utaipigia hesabu. Wamenikubali kwa sharti: kufikia Agosti nilete picha nyingine mbili za mtu huyo huyo, na safari hii wanataka zichorwe akiwa anajua.

Sasa nina haki ya kuuliza nami. Kwa nini uliishia katikati? Naftaly anasema ulikuwa unaniombea.

Binti yako mwenye studio,
Kagure


Runyenjes,
22 Machi 2025

Kagure,

Wa kumi na moja kwa kumi na wawili ni kuponea chupuchupu. Lakini ahadi ni ahadi. Sikukatalii. Utasoma hiyo sanaa, na utaisoma kama mtu aliyetumwa, si kama mtu aliyetoroka. Ukifika wa tatu ndipo uniletee habari za kujivuna.

Naftaly haelewi kitu. Sikuwa nakuombea.

Nilianza kufuta nikiwa na hasira yangu nzima. Nilisema, kama ni kwenda mbele ya watu wenye elimu, nitakwenda nimenawa. Nusu ya kwanza ikatoka, nikajiona: Eunice, wa sokoni, wa kanisani. Vizuri. Nikahamia upande wa pili, na nikakuta mama yangu amekaa pale. Nywele nyeupe. Nyusi nyeupe. Namna ile ya kutokutazama mtu. Mimi nilidhani nilimpoteza kwenye madoa, kumbe alikuwa kwenye unga wangu miaka yote hii, na kila jioni nilikuwa namfuta na kumwaga maji yake nje. Nikamwita. Ni jina lake pia, alikuwa nalo kabla yako.

Kwa hiyo nikakuachia nusu. Mwambie yule mama mzee, kama anataka kujua.

Jambo lingine, na hili sitalirudia. Siku ya matanga yangu nilihesabu watu kupitia ule ua, kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Walikuwa arobaini na watatu. Walikuwa wakiinuka mmoja mmoja kwenda mezani, wanasimama mbele ya karatasi yako, wanalia. Mzee Gichovi alilia, ambaye tuligombania naye mpaka wa shamba. Mimi nimesaga mahindi ya watu hawa miaka kumi na saba na hakuna aliyewahi kulia mbele ya gunia langu. Sijui hiyo ni kazi ya namna gani. Lakini kazi nikiiona naijua.

Nimekuwekea unga wa wimbi, umechekechwa mara mbili, laini kuliko chaki. Jaribu kuchorea. Kama haushiki kwenye karatasi, upike.

Sasa habari ya hizo picha mbili. Pasaka utakuja nyumbani. Jumapili baada ya ibada nitakaa, nikiwa na ile blauzi ya kijani, na utanichora mpaka chakula kiive. Jumatatu ya Pasaka sifungi kinu, watu wanakula siku zote. Njoo na vitu vyako, ukae pale pale juu ya magunia. Dirisha nitaliacha wazi, na leso nitaivua.

Karai litakuwa nyuma ya mlango. Sitanawa mpaka useme umemaliza.

Mama yako,
Eunice Ruguru